Kutotolesha mayai kwa mashine nyumbani, kwa watu wa Moshi na Arusha

Kabla hujauliza bei ya mashine, uliza jogoo yuko wapi. Mayai ya trei ya dukani, yale ya kuku wa kisasa wanaokaa bandani bila dume, hayana mbegu na hayatatoa kitu hata ukiyawekea joto mwezi mzima. Naanzia hapo kwa sababu natotoleshea watu mayai hapa Pasua, Moshi, pembeni ya cherehani yangu, na haupiti msimu bila mtu kushuka kwenye bodaboda na trei inayong'aa aliyoinunua njiani. Namrudisha nayo akakaange.

Wapo pia wanaoleta mayai yenye mbegu kweli, ila yamekaa. "Baba, haya yana siku ngapi?" "Si nyingi, mama." Hiyo si nyingi ukiichimba inakuwa wiki mbili, tena juu ya kabati la jikoni. Yai la kutotolesha lisizidi siku saba tangu litagwe. Baada ya hapo kila siku inayopita inapunguza wanaotoka, na wanaotoka wanachelewa. Lihifadhi chumba cha baridi kisichopigwa jua, ncha nyembamba ikiangalia chini na upande butu juu, kwa sababu upande butu ndiko kwenye mfuko wa hewa. Friji hapana, baridi yake inaua. Kwa ndugu zangu wa Arusha, sakafu ya stoo mwezi wa saba inatosha kabisa. Moshi mwezi wa pili, joto la chumba chenyewe linaweza kuanzisha mtoto halafu likamwacha njiani, kwa hiyo usikusanye zaidi ya siku nne au tano.

Okota mayai mara mbili tatu kwa siku yasichafuke. Lenye kinyesi liache, usilioshe. Ganda lina maelfu ya vitundu vidogo na juu yake kuna utando unaovifunika. Ukilisugua kwa maji unauondoa na kuwasukumia wadudu ndani. Acha pia lenye ufa, la duara kama mpira, lile refu kupita kiasi, na yale madogo ya kuku anayeanza kutaga.

Jogoo mmoja anatosha matetea nane hadi kumi wa kienyeji. Ukibadilisha jogoo, jua kwamba tetea huhifadhi mbegu za yule wa zamani kwa wiki mbili na zaidi. Kama umeleta jogoo wa aina ya kuchi na unataka uzao wake, mtoe wa kwanza kisha subiri wiki tatu ndipo uanze kukusanya. Na wenye Sasso au kuroiler niwaambie ukweli ambao wauzaji wa mayai hawapendi kuusema: yatatotoa vizuri, lakini hao ni kuku wa kuchanganywa, watoto wao hawatakua sawasawa na wazazi. Wengine watafanana na mama, wengine utajiuliza wametoka wapi.

Mayai yaliyosafiri kwa daladala kutoka Himo, au kwa bodaboda kwenye mawe ya Machame, yapumzike usiku mzima kwenye trei kabla ya kuingia mashineni.

Mashine na chumba chake

Ile ya plastiki ya kutoka China inatotoa. Sanduku la fundi lenye balbu, feni na kontrola, kile kifaa kinachowasha na kuzima joto, nalo linatotoa. Mimi ninachoangalia ni feni. Yenye feni unaiweka nyuzi 37.5 na joto linafika kila kona. Isiyo na feni, hewa ya juu ni moto na ya chini ni baridi, kwa hiyo kipimajoto kikae usawa wa migongo ya mayai na kisome karibu 38.5.

Usiamini namba inayowaka kwenye kioo mpaka uihakiki. Nunua kipimajoto cha homa cha duka la dawa, weka maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, tumbukiza ncha ya kipimajoto hicho pamoja na waya wa kipimo cha mashine, soma zote mbili. Zikipishana nusu nyuzi, rekebisha kontrola kwa tofauti hiyo. Kuna mtu atakwambia upime kwa maji yanayochemka yasome 100. Huku kwetu hayafiki: Arusha mjini, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 tu.

Kipima unyevu nacho kinadanganya, pengine zaidi. Chukua kizibo cha soda, jaza chumvi ya mezani, dondoshea maji iwe kama uji mzito, ufunge pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa. Kesho yake kisome asilimia 75. Kikisoma 68, ujue kinapunguza saba, andika kwenye karatasi ubandike ubavuni mwa mashine.

Chumba kiwe kile ambacho joto lake halirukiruki. Stoo ya bati bila dari ni mbaya kuliko zote, mchana inachemka na alfajiri inaganda. Wiki ya mwisho mayai yenyewe yanatoa joto, na kama chumba tayari ni cha moto, mashine inazima hita lakini joto linaendelea kupanda na huna cha kufanya isipokuwa kufungua kifuniko. Nyuzi 40 na zaidi, hata kwa muda mfupi, zinaweza kuua. Baridi wanaistahimili zaidi.

Washa mashine tupu, yenye maji, siku nzima kabla ya kuweka mayai. Mimi naweka Jumamosi jioni. Siku 21 ni wiki tatu kamili, basi wanaanza kutoboa Ijumaa, wengi wanatoka Jumamosi, na Jumapili nikirudi kanisani nakuta wamekauka. Hesabu ya siku inaanza baada ya saa 24 kupita: Jumapili jioni ndiyo siku ya kwanza imetimia.

Unyevu

Huu ndio upande unaomaliza vifaranga vya watu wengi huku kwetu. Karatasi ya maelekezo inayokuja na mashine inasema asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, halafu 65 hadi 70 mpaka mwisho. Namba ni sahihi. Ila aliyeiandika hakujua unakaa wapi wala ni mwezi gani, kwa hiyo hawezi kukwambia ni maji kiasi gani yatakufikisha hapo.

Mdogo wangu yuko Ngaramtoni, Arusha, na ana mashine ya aina moja na yangu. Mwezi wa saba kule ukungu unashuka mpaka mlangoni, soksi zinakaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka, na kila mtu anaapa kwamba hewa imejaa maji. Washa mashine bila kuweka maji, kipimo kinasoma asilimia 25. Hewa ya baridi inabeba maji kidogo sana hata ikiwa imeshiba. Ukiivuta ndani ukaipasha kutoka nyuzi 15 hadi 37, maji yaliyomo ni yaleyale lakini kiu yake imeongezeka karibu mara nne, na inaanza kunyonya kwenye mayai. Ndiyo maana yeye wakati wa baridi anajaza mifereji yote miwili ya maji iliyo chini ya mashine na kuongeza bakuli, wakati mimi mwezi wa nne hapa Moshi, masika yameshika, hewa nzito na chumba kina nyuzi 24, naweka maji mfereji mmoja tu, siku nyingine naukausha kabisa.

Ukitaka kupandisha unyevu, ongeza upana wa maji. Kina hakisaidii: sahani ya chai inashinda kikombe kilichojaa, na sponji lililochomoza majini linashinda sahani. Maji yawe ya uvuguvugu ili yasishushe joto. Usizibe tundu za hewa ili kuuzuia mvuke. Watoto wanapumua humo, na kwa Arusha ambako hewa ni nyepesi wanahitaji tundu hizo kuliko wenzao wa Dar es Salaam. Kuanzia wiki ya pili ziwe wazi zote.

Halafu kuna njia ambayo mimi naiamini kuliko kipimo chochote, nayo ni mzani. Ule mdogo wa betri wa wapika keki. Yai linapaswa kupoteza karibu asilimia 12 ya uzito wake kwa siku 18, yote ni maji yanayotoka kwenye ganda ili mfuko wa hewa upanuke na kifaranga apate pa kuvutia pumzi ya kwanza. Nachagua mayai kumi, nayawekea nukta ya penseli, nayapima pamoja. Tuseme ni gramu 450. Siku ya 7 yanatakiwa yawe karibu 429, siku ya 14 karibu 408, siku ya 18 karibu 396. Yakiwa mepesi kuliko hapo yanakauka, ongeza maji. Yakiwa mazito, punguza. Ukitoa moja katikati kwa sababu halina kitu, pima yaliyobaki uanze hesabu upya kutokea hapo. Tofauti ya gramu mbili tatu isikunyime usingizi.

Kugeuza na kumulika

Mashine inayogeuza yenyewe, iangalie tu kwamba kweli inageuza. Mota inaweza kulia na trei ikasimama. Unayegeuza kwa mkono, chora X upande mmoja na O upande wa pili, geuza angalau mara tatu, bora tano, kwa siku. Hesabu iwe witiri ili upande uliolala chini usiku wa leo usilale chini usiku wa kesho. Yai lisipogeuzwa mtoto anaganda kwenye utando. Nawa mikono kwanza, na kama umejipaka mafuta ya mgando, yafute.

Siku ya 7 zima taa, chukua tochi ya simu, iwekee karatasi ngumu iliyokunjwa kama bomba, weka upande butu wa yai juu yake. Lenye uhai utaona nukta nyeusi na mishipa myekundu imetawanyika kuizunguka. Ukitulia, ile nukta inacheza. Lisilo na mbegu linang'aa lote, kivuli cha kiini tu kinaelea. Lenye pete ya damu bila mishipa lilianza likafa, litoe. Mayai yenye ganda la kaki iliyokolea yanasumbua, hayo kama una shaka yaache mpaka siku ya 14. Siku hiyo lenye mtoto limeziba giza isipokuwa mfuko wa hewa juu, na mpaka kati ya giza na mwanga umekatika wazi. Lile ambalo ndani kunatembea kama maji machafu ni viza. Likitoa harufu litoe taratibu kwa mikono miwili, likipasuka mashineni limechafua yote.

Wateja wangu nawaonyesha kwa tochi wenyewe. Inapunguza maneno siku ya kuchukua vifaranga.

Umeme

Utakatika, hilo halina mjadala. (Ingawa nusu ya simu ninazopigiwa usiku za "dada, umeme umekatika" ni LUKU imeisha. Nunua wa wiki tatu siku unapoweka mayai.) Ukikatika, jambo la kwanza ni kutofungua kifuniko. Funika mashine kwa blanketi zito, acha tundu za hewa wazi. Ikizidi saa moja na chumba ni cha baridi, jaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki ngumu, zifunge kitambaa, uziegemeze ubavuni mwa mashine chini ya blanketi, zikipoa badilisha. Saa mbili tatu za kupoa haziui mzigo, wanachelewa tu kutoka. Wiki ya mwisho uwe mwangalifu na blanketi, maana wanajipasha wenyewe na wanahitaji hewa zaidi.

Jiko la mkaa usiliingize kwenye chumba kilichofungwa. Moshi wake usioonekana unaua vifaranga na unamuua aliyelala chumba cha pili. Umeme ukirudi, kaa karibu mpaka joto litulie, kwa kuwa mashine nyingi zinapitiliza kidogo kabla ya kushika. Stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka, ni rafiki wa kontrola. Anayeweza kununua betri na inveta anunue, na anayetegemea balbu aweke ya akiba ndani ya nyumba, si dukani kwa jirani anayefunga saa mbili.

Siku ya 18

Ukiweka Jumamosi, hii ni Jumatano jioni. Mulika mara ya mwisho, toa yaliyokufa, pima uzito, acha kugeuza. Yalaze mayai kwenye trei ya chini, juu ya wavu au kitambaa cha gunia safi. Gazeti linateleza na kifaranga anapanuka miguu siku ya kwanza ya maisha yake. Jaza maji mpaka unyevu ufike 65 hadi 70, joto unaweza kulishusha hadi 37.2, funga, uondoke.

Kuondoka ndiko kugumu. Ijumaa utasikia sauti kabla hujaona kitu. Kisha yai moja linapata nyota ndogo ya ufa karibu na upande butu, ncha ya mdomo inaonekana na kipande cheupe kigumu juu yake, halafu kinatulia. Kimya saa nyingi. Hapo ndipo mdogo wangu hupiga simu.

"Dada shikamoo. Kuna kimoja kimetoboa tangu asubuhi hakijaendelea. Nikisaidie?"

"Marahaba. Kiache."

"Kitakufa, dada."

"Nimesema kiache, na usifungue."

Kutoka kutoboa hadi kutoka ni saa 12 hadi 24. Muda huo kifaranga anamalizia kunyonya kiini kiingie tumboni, na mishipa ya damu iliyotanda kwenye utando inakauka. Ukimbandua mapema anatoka na damu, na kitovu kiko wazi. Na kila unapofungua kifuniko kumtazama huyo mmoja, unyevu unaanguka na utando wa wenzake waliotoboa unakauka unawabana kama plastiki. Waliokwisha kutoka hawana njaa. Kile kiini kinawatosha siku mbili hata tatu, kwa hiyo wasubiri wakauke wote manyoya ndipo uwatoe kwa mkupuo mmoja. Siku ya 22 ikiisha bila dalili kwenye mayai yaliyobaki, zima.

Yasiyototoa usiyatupe hivyohivyo. Yapasue nje, mbali na banda, ukiwa na karatasi na kalamu. Mengi hayana kitu: ni jogoo au umri wa mayai. Wamekufa wadogo wiki ya kwanza: mayai yalikaa sana, au joto liliruka. Wamekamilika lakini wamelowa, wamevimba, mfuko wa hewa mdogo: maji yalizidi. Wamekamilika, wamekauka, wamegandamana na utando: maji yalipungua au mtu alifunguafungua. Wakitoka mapema siku ya 19 au 20 na vitovu vibichi, joto lilikuwa juu; wakichelewa hadi siku ya 22 na wamelegea, lilikuwa chini. Karatasi hiyo nayo naibandika ubavuni mwa mashine.

Osha mashine siku hiyohiyo kabla manyoya na ute havijakauka, kwa sabuni kisha dawa ya kuua wadudu, uianike kwenye upepo.

Baada ya kutoka

Malezi ni somo lingine, nitagusa tu. Andaa kinengunengu, yaani mahali pa kulelea vifaranga kwa joto, mapema: ubao mwembamba au boksi uliozungushwa duara bila kona, maranda makavu chini, juu yake gunia siku chache za kwanza. Joto nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, ukishusha nyuzi tatu hivi kila wiki. Kipimajoto chako ni vifaranga wenyewe: wakirundikana wana baridi, wakikimbia taa na kuachama midomo wana joto, wakitawanyika na kula mambo ni sawa. Maji yenye glukosi kwanza, chakula kifuate baada ya saa mbili tatu.

Ratiba ya chanjo iliyozoeleka ni kideri siku ya 7 na kurudia ya 21, gumboro siku ya 14 na kurudia ya 28, ndui wiki ya 6 hadi 8. Afisa mifugo wa kata yako anaweza kuibadilisha kulingana na magonjwa yaliyopo. Chanjo za kunywesha changanya kwa maji ya mvua au ya kisima, maana dawa iliyomo kwenye maji ya bomba inaua chanjo, na vifaranga wayamalize ndani ya saa mbili. Chupa moja ni ya kuku mia na kuendelea, na ikishafunguliwa haiwekwi kesho. Kwa hiyo siku unapoweka mayai, mwambie jirani mwenye mashine aweke Jumamosi hiyohiyo, mchangie chupa moja.